Sahani Tupu ya Kapteni Makoye

Marahaba, wajukuu zangu. Najua hamjaniamkia, maana siku hizi mnapita mlangoni mmeinamia simu, lakini nimeitikia kabisa ili tusipotezeane muda. Kaeni chini. Mlioko Izia, mlioko Pito, na ninyi mliokwenda Dar mkasahau njia ya kurudi, haya nimewaandikia ninyi. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta koma mahali isipotakiwa, irukeni mwendelee.

Nimeona vikopo kwenye meza ya Neema. Neema ni mjukuu wangu, mnamjua, yule anayecheka mpaka majirani wanatoka nje. Nikamuuliza ni vya nini. Akasema, "Bibi, ni virutubisho tu, vya kupunguza mwili." Virutubisho! Nimepika maisha yangu yote, sijaona kirutubisho kinachomfanya binti mzima ashinde chooni na kutoka huko ameshika ukuta. Sikumgombeza siku ile. Nilikaa nikamkumbuka Kapteni Makoye.

Kazi yangu ilikuwa upishi, siyo wa hotelini. Nilipikia marubani wa jeshi, kikosi kidogo kilichokaa hapa kwetu Sumbawanga enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa, miaka ambayo mvua zikikolea barabara ya Tunduma inageuka uji na malori yanalala njiani. Ndege zao ndogo zilileta dawa, zikachukua wagonjwa, zikabeba na askari. Walipanga nyumba ya matofali karibu na kiwanja. Chumba kikubwa kikawa mesi, ua wa nyuma ukawa jiko langu. Kiwanja chenyewe kilikuwa cha udongo. Ndege ikisikika inanguruma, kwanza tunafukuza ng'ombe, ndipo itue. Nimewahi kuwafukuza mimi mwenyewe na mwiko mkononi, huku nyuma ugali unaungua, na Meja, mkubwa wao, anapiga kelele, "Mama Felista, yule dume kushoto!"

Aliyenifundisha jiko ni Mzee Inosenti. Huyo alipikia mapadre tangu ujana mpaka magoti yakakataa. Alikuwa mkali kuliko moshi wa kuni mbichi. Ukikoroga uji huku unaongea, anakunyang'anya mwiko. Alinifundisha kwamba nyama hutiwa chumvi ikishaanza kulainika. Mgebuka mkavu, yule samaki anayeletwa kutoka ziwani, anaoshwa kwa maji ya moto mara ya kwanza na ya baridi mara ya pili, na ukigeuza mpangilio huo umepika kamba ya katani. Alinifundisha pia mambo mawili ya mezani. La kwanza: mpishi ana macho, hana mdomo, anayoyaona mezani ayazike jikoni. La pili: sahani tupu inaomba. Mgeni asilazimike kusema niongezeeni. Ukiona sahani imebaki nyeupe, weka.

Hilo la pili hata mama yangu alinilea nalo. Nyumbani kwetu mtu akishiba alibakiza tonge pembeni ya sahani, mama akaliona, akaondoa chombo, hakuna aliyesema neno. Akimaliza yote, basi bado ana njaa, na mama mwenye akili hasubiri kuambiwa.

Msidhani nilianza nikiwa hodari. Siku za mwanzo niliwapa marubani maharage asubuhi, mazito, yenye samli, nikijisifu. Wakaruka. Waliporudi, Luteni Hamza, kijana wa Tanga mwenye mdomo kama cherehani, alishuka ngazi ya ndege ameinama, kashika tumbo.

"Mama," akasema, "ulitupikia maharage au ulitutegea bomu?"

"Maharage yana nini?"

"Ukipanda juu tumbo linavimba kama mpira. Hewa ya ndani inatafuta mlango. Na kule, Mama, sisi tumefungiana kwenye kibati kimoja!"

Meja alicheka mpaka akavua kofia. Tangu siku hiyo maharage yakawa ya jioni, na ya watu wasioruka kesho. Asubuhi ni uji wa ulezi, yai, mkate, chai isiyokolea. Kila kazi ina jiko lake. Anayelima mpe kande ashike jembe mpaka mchana. Anayeruka mpe chakula kitakachokaa kimya.

Sasa Makoye. Alikuja kikosini kijana mrefu, mwembamba, mpole, mtoto wa wafugaji wa kule kwa Wasukuma. Ukimwita anaitika kabla hujamaliza jina lake. Na alikuwa anajua ndege. Meja mwenyewe alisema wengine wanaiendesha, Makoye anaivaa. Akinywa chai anarudisha kikombe jikoni mwenyewe. Nilimpenda, sifichi. Na mtu nikimpenda, namlisha.

Akala. Akanawiri. Shingo ikajaa, mashavu yakang'aa, mimi nikawa najiona nimefanya kazi. Mama Holo, mwanamke wa wale wafugaji waliohamia upande wa Mollo, aliyekuwa akituletea maziwa, alimpimia kibuyu cha pembeni. "Mtoto wa nyumbani huyu," anasema, "asilale na njaa ugenini." Zama zile, wajukuu, tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sukari na sabuni. Mtu mwenye mwili alikuwa mtu mwenye kwao.

Kumbe ile ovaroli yao ya kurukia ilianza kumkataa. Siku moja zipu ilipasuka mbele ya wenzake. Hamza akasimama juu ya kiti. "Jamani, ndege ina mzigo, na rubani naye ni mzigo. Tupime nani ashuke!"

"Mwache mwenzio," nikasema.

"Simcheki, Mama. Yeye mwenyewe kaogopa. Kaambiwa ukibakiza chakula cha Sumbawanga wachawi wanakutumia radi, na rubani na radi hawapatani!"

Tulicheka wote. Makoye alicheka pia, lakini alikuwa ameshika ile zipu kwa mikono miwili.

Haukupita muda ikaja habari kwamba daktari wa marubani anakuja kupima kikosi kizima. Moyo, macho, pumzi, uzito. Asiyefaa anashushwa, atabaki chini kuandika majina ya mizigo. Hata Hamza alianza kukimbia asubuhi.

Mjini nako madukani kulikuwa kumeanza kujaa vitu ambavyo hatujawahi kuviona. Mafuta ya kung'arisha, pafyumu za harufu ya maembe, vidonge vya kila rangi. Roza, mtoto wa mdogo wangu, alikuwa na kibanda sokoni, na pale mbele alipanga maboksi ya chai yenye picha ya mwanamke mwembamba amejishika kiuno. Maandishi yake hakuna aliyeweza kuyasoma, wala Roza mwenyewe. Pembeni kulikuwa na vichupa vya vidonge.

"Hii ni nini, Roza?"

"Mama mkubwa, hii ndiyo mali! Wanawake wa maofisini wote wanakunywa. Ndani ya wiki gauni linarudi."

"Inafanyaje kazi?"

"Aa, hayo mimi sijui. Mimi nauza tu."

Nilimwambia anayeuza asichokijua ni sawa na anayepika asichoonja. Akanuna. Nikaenda zangu kununua vitunguu.

Nilianza kuona mambo mezani. Makoye anakula kama kawaida, sahani inabaki nyeupe, naongeza, anamaliza, halafu anatoka haraka kwenda nyuma ya nyumba. Anarudi jasho limemtoka, na huko nje mvua inanyesha, na baridi yetu ile ya kugonganisha meno. Macho yaliingia ndani. Mikono ikawa inatetemeka, kijiko kinagonga kikombe, ngi ngi ngi. Nikachukua chupa yake ya chai niioshe, nikainusa. Siyo majani yangu. Ilinuka kama nyasi zilizolowekwa na dawa ya meno.

Nikakumbuka la Mzee Inosenti, mpishi hana mdomo. Nikanyamaza. Siku ikapita, nikajiambia kijana ana akili zake.

Ikaja asubuhi ya kupeleka mgonjwa Mbeya. Alikuwa mama mjamzito, uchungu umekwama, hospitali yetu imeshasema haiwezi, na barabara imekatika. Rubani ni Makoye, na Hamza msaidizi wake. Makoye aliingia jikoni kuchukua maji ya kunywa, akashika fremu ya mlango, akasimama hapo. Kikombe kikamtoka mkononi.

"Kapteni, kaa."

"Nachelewa, Mama."

"Kaa."

Akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Nikaweka kiganja kwenye shingo yake. Moyo ulikuwa unakwenda kama kuku aliyeshikwa.

"Umekunywa nini?"

"Chai."

"Chai yangu naijua. Ya nani?"

Akasema polepole, "Ya kule sokoni. Na vidonge. Daktari yuko njiani, Mama. Akinipima hivi nilivyo, ananishusha."

"Akushushe."

"Usiseme hivyo." Aliinua macho, yalikuwa mekundu. "Mimi nilichunga ng'ombe nikitazama juu. Ndege ikipita naacha ng'ombe wanaingia mashamba ya watu, nachapwa, kesho narudia. Sina kingine ninachokijua. Nikishushwa nitakuwa nani?"

Maneno hayo yaliniingia, nawaambia kweli. Lakini nje nilisikia gari la wagonjwa linarudi nyuma kuelekea kwenye ndege.

"Na yule mama utakayembeba, yeye na kilichomo tumboni, ukizimia angani watakuwa nani? Nenda kamwambie Meja. Utasema wewe, au nitasema mimi."

"Si ulituambia mzee wako alikufundisha mpishi hana mdomo?"

"Mzee wangu alipikia mapadre. Mapadre hawarushi watu angani."

Hakuinuka. Nikachukua mwiko, nikauweka, nikafungua aproni, nikaanza kwenda mlangoni. Hapo akasimama. Akanipita bila kunitazama, akaingia mesi. Nilimsikia akisema, "Afande, leo sifai kuruka. Nimekunywa dawa." Meja hakupiga kelele. Kiti kilisogea. "Hamza," akasema, "utaruka na mimi."

Yule mama alifika Mbeya salama, tukasikia amejifungua mtoto wa kike. Lakini Makoye aliniwekea kinyongo. Aliacha kurudisha kikombe. Alikula akitazama ukuta. Na mimi, kwa kuwa sahani ilikuwa tupu kila siku, niliendelea kuongeza.

Daktari alikuja. Nilitegemea mzee wa miwani, akashuka mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu, amebeba mizani yake mwenyewe. Alimpima Makoye, akaomba aone zile dawa, akazigeuza geuza.

"Hizi zinakukamua maji, na zinaupiga moyo mbio," akasema. "Ukiwa hapa chini utaanguka kitandani. Ukiwa kule juu utaanguka na watu. Hakuna rubani anayekunywa kitu bila mimi kujua, hata kidonge cha mafua. Huruki mpaka nirudi baada ya mavuno."

Makoye akainamisha kichwa. Daktari hakumwacha hapo. Alimwita mesi, akaniita na mimi, akakaa mezani kwetu.

"Unakula kiasi gani?"

"Ninachopewa, daktari."

"Unapewa kiasi gani?"

"Mpaka Mama achoke."

Watu wote wakanigeukia.

"Mimi sichoki," nikasema. "Ni yeye asiyechoka kula. Ningefanyaje? Sahani yake kila siku nyeupe!"

Makoye alinitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Mama, kwetu ukibakiza chakula umemtukana aliyepika. Marehemu mama alikuwa akikuta ugali umebaki, hasemi na wewe mpaka jua linazama. Kwa hiyo namaliza. Nikimaliza, unaongeza. Namaliza tena. Siku nyingine namwomba Mungu ugali uishe sufuriani."

"Mbona hukusema umeshiba?"

"Nikuambie wewe? Mbele ya huo mwiko?"

Hamza alilala juu ya meza kwa kicheko. Daktari alifunika mdomo. Mimi nilisimama pale, na sikujua nicheke au niende kulia jikoni. Nikawaeleza habari ya lile tonge la kwa mama yangu. Kijana alikuwa amenenepa kwa adabu! Adabu ya mama yake na adabu ya mama yangu zilikutana kwenye sahani moja, zikashindana, na aliyeumia ni yeye.

Daktari alituachia maneno machache. Apakue mwenyewe. Ugali upungue, mboga za majani ziongezeke, maziwa yaenguliwe. Atoke jasho kila siku, siyo kwa kujiua siku moja na kulala siku inayofuata. Na asiangalie mizani kila asubuhi. "Mwili ulikuja polepole," akasema, "na kuondoka utaondoka polepole."

Hapo ndipo nilipojifunza kupika upya. Kupunguza mafuta bila chakula kuwa adhabu, hiyo ni kazi. Karanga nilizokuwa namimina nikawa nazinyunyiza. Mgebuka nikamchoma badala ya kumkaanga, na nyanya nyingi na limau. Ugali wa ulezi niliusonga mgumu, maana ugali mgumu mtu anautafuna taratibu na tumbo linapata muda wa kusema. Andikeni hilo mahali.

Makoye alikimbia kila alfajiri kuelekea Pito. Mwinuko wetu huu unamjua mgeni. Hewa nyepesi, baridi kali, siku za kwanza alirudi anapumua kama mvukuto. Watoto wa shule walimfuata nyuma wakiimba, "Kibonge! Kibonge wa ndege!" Yeye anawapungia mkono, hana pumzi ya kuwajibu. Wakati wa kulima ntumba ulipofika, yale matuta ya duara tunayofukia majani chini ya udongo yaoze yawe mbolea, nilimchukua shambani kwangu Mollo. Nilimpa jembe. Siku ya kwanza alilima ntumba zake zimelala upande kama walevi.

"Afadhali ndege," akasema, ameketi juu ya tuta.

"Ndege haitoi ulezi. Inuka."

Akainuka. Siku ile ndipo kinyongo chake kilipokwisha. Tuliporudi, alirudisha kikombe jikoni.

Akapungua. Na alipopungua ikazuka kazi nyingine, kwa sababu enzi zile mtu akikonda watu walikuwa wanajua ugonjwa mmoja tu, na walikuwa wanautaja kwa kunong'ona. Tulikuwa tumezika vijana wengi. Mama Holo alinivuta nyuma ya jiko, machozi yanamlengalenga.

"Dada, usinifiche. Huyu mtoto anaumwa."

"Haumwi. Anafanya mazoezi."

"Wote wanasema hivyo." Akatoa chini ya kitenge kibuyu cha samli. "Mpe kwa siri, kijiko kimoja kimoja."

Wiki iliyofuata akaleta kingine. Samli ile tulikula mimi na Hamza, na Hamza ndiye aliyeanza kubanwa na ovaroli.

Mavuno yakaisha, daktari akarudi na mizani yake. Walikaa chumbani muda mrefu. Mimi nilikuwa nachambua ulezi uani, nikajikuta nachambua ungo uleule niliokwisha kuuchambua. Mlango ukafunguka. Makoye akatoka. Alinionyesha kidole juu, basi, kama mtoto anayeonyesha mwewe. Kesho yake aliomba nusu bakuli ya uji, akanywa, akaenda. Nilitangulia kiwanjani na fimbo, nikafukuza ng'ombe mpaka kule mwisho, nikasimama hapo mpaka sauti ya ndege ilipopotea upande wa Mbeya.

Roza aliuza yale maboksi mpaka mteja wake mmoja alipoanguka sokoni, mbele ya kibanda chake. Alipona, lakini Roza alihamia kwenye mitumba. Hadi leo ukimtajia chai ile ananuna.

Jumapili iliyopita aligonga mtu hapa kwangu. Mzee mrefu, mvi kichwa kizima, amenyooka kama nguzo. "Shikamoo, Mama." Nikaitikia, na sauti nikaijua kabla ya sura. Ameshastaafu, na kila ndege aliyoruka nayo aliirudisha chini na watu wake. Tulikula. Neema ndiye aliyepakua, na mkono wa Neema umefanana na wangu. Makoye alikula taratibu, akazungumza habari za Hamza, akacheka. Alipomaliza, pembeni ya sahani palikuwa na tonge moja la ugali, limekaa peke yake. Aliliacha pale, akanitazama. Mimi nikalitazama.

Neema hakujua chochote. Aliliona tonge, akadhani mgeni ameishiwa mboga, akanyanyua mwiko aongeze mchuzi. Nikamshika mkono.

"Weka mwiko chini," nikamwambia, na nikapaza sauti ili hata waliokuwa uani wasikie. "Kuanzia leo nyumba hii sahani ya mtu haiongezwi kabla hajaulizwa kama ameshiba, na akijibu anaaminiwa. Na wewe Neema, kabla hujaosha vyombo, leta hapa vile vikopo vyako."